Kugeuka: Mguu Ufanyavyo na Mtoto Ahisivyo

Miongoni mwa vitendo vya mwili ambavyo mwalimu wa shule ya msingi hutakiwa kuvifundisha, hakuna kinachochukuliwa kwa wepesi kama kugeuka. Kukimbia hupewa vipindi vyake, kuruka huchimbiwa shimo la mchanga, kurusha hutafutiwa tufe au jiwe la kufaa. Kugeuka huandikwa kwa neno moja tu katika andalio la somo, kisha mwalimu husimama mbele ya darasa, hugeuka mara mbili, na kusema, "Fanyeni kama mimi." Wengine huweza. Wasioweza huambiwa, "Geuza mguu!" Hapo ndipo shida huanza, kwani mtoto hajui ni sehemu gani ya mguu igeuzwayo, na mara nyingi mwalimu naye hajui.

Katika makala haya tutaeleza mambo mawili yanayodhaniwa kuwa ni jambo moja: kile ambacho mguu hufanya mtu anapogeuka, na kile ambacho mtu huyo huhisi kuwa mguu unafanya. Mifano yetu tumeitoa zaidi katika Wilaya ya Kibiti na delta ya mto Rufiji, ambako walimu wanafunzi wengi hupelekwa kwa mazoezi ya kufundisha, na ambako somo hili limekwisha kufundishwa na wasio walimu kwa vizazi vingi.

Jambo hili si dogo. Katika shule moja ya delta tulimkuta msichana wa darasa la sita aliyekuwa ameondolewa katika timu ya mpira wa pete, yaani netiboli, kwa sababu, kama tulivyoambiwa, "ana miguu mizito." Jioni ile ile msichana huyo ndiye aliyetuvusha pamoja na mizigo yetu. Alisimama tezi na upondo mkononi, mjomba wake ameketi omo anavuta kafi kivivu, maji yanakupwa kwa kasi, naye akaugeuza mtumbwi baina ya mizizi ya mikoko pasipo kugusa hata mzizi mmoja. Miguu iliyofanya kazi ile haiwezi kuwa mizito. Neno "mizito" lilikuwa hukumu juu ya maelezo aliyopewa uwanjani, si juu ya miguu yake. Hata hivyo aliyelipa gharama ya hukumu hiyo ni yeye, kwani timu ilikuwa ikiandaliwa kwa mashindano ya UMITASHUMTA, na nafasi ya namna hiyo kwa mtoto wa kisiwani haiji kila mwaka.

Mguu hugeukia wapi?

Tunawaomba wasomaji wasimame na kufanya majaribio mawili yafuatayo kabla ya kuendelea. Yanahitaji dakika tatu tu, na yafaa yafanywe peku.

Kwanza, simama kwa mguu wa kushoto ukiegemea ukuta. Unyooshe mguu wa kulia mbele yako, goti likiwa limenyooka kabisa, na kisigino kikiwa juu kidogo ya ardhi. Sasa elekeza vidole ndani, kisha nje, mara kadhaa. Ukiulizwa ni nini kinachogeuka, utajibu kwamba ni unyayo, au pengine kifundo cha mguu. Weka kiganja chako ubavuni, juu ya ule mfupa wa paja unaojitokeza chini ya kiuno, na urudie. Utausikia mfupa ule ukizunguka chini ya kiganja. Goti likinyooka, halina nafasi ya kuzunguka. Mguu mzima, toka paja hadi vidole, huzunguka kama mti mmoja ndani ya kiungo cha nyonga.

Pili, keti kitini, goti likiwa limekunjwa na unyayo umekaa sakafuni. Shika paja kwa mkono mmoja ili lisitikisike, kisha elekeza vidole ndani na nje. Safari hii paja hutulia, na muundi huzunguka kidogo chini ya goti. Goti lililokunjwa, basi, laruhusu mzunguko, lakini mzunguko haba. Zaidi ya hapo hulazimishwa, na goti linapolazimishwa wanaoumia ni kano zake.

Majaribio haya yatuonyesha kwamba chanzo cha mgeuko kiko nyongani, na hisia ya mgeuko iko unyayoni. Hilo halishangazi. Unyayo ndio ugusao ardhi, ndio unaosuguliwa, nao ndio unaoonekana kwa macho. Ndani ya misuli, kano na viungo vyetu mna vipokezi vidogo vinavyoupelekea ubongo habari za mahali kila kiungo kilipo. Mwingereza Charles Sherrington ndiye aliyeipatia hisi hii jina la kitaalamu mwaka 1906. Sisi twaweza kuiita hisi ya mwili wenyewe. Kwa hisi hiyo mtu hupeleka tonge kinywani gizani asilikose. Lakini hisi hiyo haitoi ramani ya mifupa. Humwambia mtu kuwa amegeuka, wala haimwambii amegeukia kiungo gani. Mwalimu anayesema "geuza mguu" humfanya mtoto apeleke nia yake pale anapohisi, yaani unyayoni na gotini, wakati mwendo wenyewe ulipaswa kuanzia juu.

Ubaya wake huonekana zaidi katika mpira wa pete. Kanuni humruhusu mchezaji aliyetua kwa mguu mmoja kuzunguka juu ya mguu huo na kukanyaga kwa ule mwingine mara atakavyo, lakini haruhusiwi kuuburuta mguu aliotulia wala kuurukia tena, na mpira sharti autoe katika muda wa sekunde 3. Mtoto mwenye haraka hugeuza mabega kwanza. Kiwiliwili hutangulia, unyayo hubaki umeganda chini, na baina yao goti hupokea msokoto usio wake. Akiwa amevaa raba juu ya sakafu ya saruji, hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa raba hushika wala haitelezi. Inajulikana pia kwamba katika michezo ya kuruka na kugeuka, wasichana huumia kano ya ndani ya goti mara nyingi kuliko wavulana. Mwalimu aliyeko Msala au Maparoni na akumbuke kwamba mtoto aliyeteguka goti huko hana gari la kumfuata mlangoni. Hulazwa chomboni, husubiri maji yajae, hufikishwa Nyamisati, na kutoka hapo ndipo hutafutiwa usafiri wa barabara.

Watelezao juu ya theluji

Wataalamu walioichunguza sana habari ya kugeuka wameichunguza kwa watu ambao kwetu ni wageni kabisa, nao ni wale watelezao juu ya theluji kwa mbao mbili ndefu nyembamba zilizofungwa viatuni. Si kwamba Waafrika ya Mashariki hawamo kabisa katika mchezo huo. Mkenya Philip Boit, aliyekuwa mkimbiaji wa mbio za kati, alianza kujifunza kuteleza mwaka 1996 akiwa mtu mzima, na mwaka 1998 akashiriki Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani. Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi na kukulia Austria, aliiwakilisha Kenya katika michezo kama hiyo mwaka 2018 huko Korea Kusini, yeye akishindana katika kuteremka mlima kwa kona.

Ateremkaye mlima kwa namna hiyo hugeuka kwa miguu chini ya kiwiliwili kilichotulia. Akikata kona ya kushoto, uzito wake huelemea zaidi mguu wa kulia, ulio upande wa nje wa kona. Mapaja huzunguka ndani ya nyonga, lakini kifua huendelea kuelekea bondeni. Anayeanza hufanya kinyume. Huyatupa mabega upande autakao, akidhani mbao zitafuata, nazo hazifuati. Ukimwuliza hodari anavyofanya, atakueleza habari za nyayo zake, kwa kuwa huko ndiko anakohisi. Mwanafunzi huyachukua maneno hayo kama yalivyo, hukazana kusokota nyayo, na asipate kitu.

Uchunguzi mmoja wahusu sana kazi yetu. Mwaka 1998 Gabriele Wulf na wenzake wawili walichapisha matokeo ya jaribio lililotumia chombo cha kuigiza mchezo huo. Chombo chenyewe ni jukwaa dogo lenye magurudumu, lipitalo juu ya reli zilizopinda na kuvutwa na mipira yenye kunyumbuka; mtu husimama juu yake na kuliyumbisha kushoto na kulia. Kundi moja liliambiwa kukandamiza kwa mguu wa nje. Kundi la pili liliambiwa kukandamiza magurudumu ya upande wa nje. Magurudumu hayo yalikuwa chini kabisa ya miguu, hata tofauti ya maagizo hayo mawili yaonekana kama mchezo wa maneno. Hata hivyo waliofikiria magurudumu walijifunza vizuri zaidi kuliko waliofikiria miguu yao, na ubora wao ulionekana hata walipopimwa baadaye pasipo kukumbushwa.

Katika kitabu chake cha mwaka 2007 Wulf ameeleza kwamba fikira hiyo ilimjia majini. Alikuwa akijizoeza kugeuza ubao wa tanga, akihangaika na mikono ikae wapi na miguu ikandamize vipi, asifanikiwe. Alipoyaacha hayo yote na kuangalia tu jinsi ubao ulivyoinama, mgeuko ukaanza kuja. Wazee wa delta hawajasoma kitabu hicho, lakini wangekielewa.

Somo la mtumbwi

Delta ya Rufiji ina mikoko iliyoenea karibu hekta 53,000, na hakuna msitu wa mikoko mkubwa kuliko huo katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Ndani yake mna mito mingi inayogawanyika na kukutana tena; maji hujaa na kukupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua mkondo huwa na nguvu kweli kweli. Kwenda shambani kwenye mpunga, kwenda kuvua, kwenda kwa jirani aliyefiwa, kote huko ni mtumbwi. Kwa hiyo kugeuza chombo si ufundi wa wachache.

Tumeangalia namna watoto wanavyofundishwa, na jambo la kwanza la kutajwa ni kwamba hawaanzi kwa kugeuza. Mtoto mdogo huwekwa katikati na kupewa kopo la kukumba maji. Watu huiona hiyo kuwa kazi ya kumtuliza. Sisi twaona kuwa ndiyo sura ya kwanza ya somo, kwani mtoto akumbaye maji huku mtumbwi ukiyumba hujifunza kwa makalio, magoti na nyayo zake jinsi chombo kinavyoegama na kujirudi. Baadaye hukalishwa omo na kupewa kafi fupi. Kusimama tezi na upondo huja mwisho, baada ya miaka.

Hebu tuuchunguze mgeuko wenyewe. Aliyesimama tezi akitaka kichwa cha mtumbwi kielekee kushoto, huukita upondo majini upande wa kushoto, karibu na ubavu wa chombo, kisha hujisukuma kutoka kwenye upondo huo. Upondo hauondoki, kwa kuwa umezama matopeni. Anayeondoka ni yeye. Na kwa kuwa nyayo zake zimeshikamana na mtumbwi, tezi huenda naye kulia, na omo hugeukia kushoto. Mikono yashika upondo, lakini nguvu hufika kwenye chombo kwa kupitia nyayo. Magoti hayana budi kukunjwa kidogo, na nyonga ziwe huru, ili mapaja yapate kuzunguka pamoja na mtumbwi huku kifua kikiuelekea upondo. Mwenye magoti makavu na kiuno kigumu huzunguka mzima mzima, na mtumbwi huegama naye.

Vivyo hivyo mtumbwi unapotoka kwenye maji yaliyotulia na kuingia mkondoni. Mkondo hukishika kichwa na kukipeleka uendako. Maji hulisukuma tumbo la chombo, nacho hutaka kuegama upande maji yanakotoka. Mzoefu hukandamiza kwa mguu ulio upande wa maji yaendako, na chombo hukaa sawa. Kitendo hicho si mbali na kile cha mtelezaji kwenye kona yake.

Na maneno ya kufundishia je? Hapa tulisikiliza kwa makini. Babu aliye na mjukuu wake hasemi, "Zungusha nyonga ya kulia." Husema, "Mjukuu wangu, kichwa chake kiangalie mkoko ule." Husema, "Tezi isukume nje." Mjukuu akiinama kuangalia miguu yake, hukemewa: "Miguu unayo tangu uzaliwe, tazama uendako!" Maagizo yote hukihusu chombo, maji, au mahali pa kufikia. Mwili huachiwa utafute njia yake wenyewe. Ndiyo kusema babu huyu na wataalamu wa mwaka 1998 wamefika bandari moja.

Sababu yake yaweza kuelezwa kwa kazi ya Mrusi Nikolai Bernstein. Katika miaka ya 1920 aliwapima mafundi wakigonga patasi kwa nyundo. Aliona kwamba kichwa cha nyundo kilipita karibu njia ile ile kila pigo, ilhali bega, kiwiko na kifundo cha mkono vilibadilika badilika, kimoja kikisahihisha kosa la kingine. Kinachotulia ni shabaha. Viungo hupatana vyenyewe. Mtu anapoanza kujifunza hali huwa nyingine: huvikaza viungo vingi ili abaki na vichache vya kutawala. Waliowapima watu katika chombo kile cha kuigiza kuteleza, mwaka 1992, waliliona hilo wazi: siku za mwanzo miguu ilikuwa migumu, kisha kidogo kidogo nyonga, magoti na vifundo vikalegezwa. Kwa hiyo mtoto anayegeuka kama gogo siku ya kwanza yumo katika hatua yake halali. Kumwita mzito siku hiyo ni sawa na kumwita mjinga mtoto wa darasa la kwanza kwa kuwa anasoma herufi moja moja.

Uwanjani

Tunapendekeza mwalimu aanze na mchanga. Viwanja vingi vya Kibiti vina mchanga, na mchanga ni zana isiyonunuliwa. Watoto wawe peku. Kila mmoja atue kwa mguu mmoja, ageuke robo duara, kisha asimame kando na kusoma alama aliyoiacha. Aliyegeuka vizuri juu ya tako la vidole huacha kishimo kidogo cha mviringo. Aliyeburuta huacha mstari. Aliyeganda huacha unyayo mzima, umekandamizwa upande mmoja, na huyo ndiye wa kuangaliwa goti. Mwalimu asiseme neno juu ya mguu. Aseme tu, "Nataka kishimo cha mviringo." Tumeona watoto wakishindana kutengeneza vishimo mpaka kengele ikapigwa, na hakuna aliyehitaji kuelezwa habari za nyonga. Katika shule za delta zenye udongo mzito alama huwa dhahiri zaidi, ila uwanja usiwe umelowa hata kuteleza.

Hatua ya pili ni kufunga kitambaa kiunoni, fundo likiwa mbele kitovuni. Agizo huwa, "Fundo limtazame mpokeaji, ndipo utoe mpira." Fundo haliwezi kumtazama mpokeaji mpaka kiuno kigeuke, na kiuno hakigeuki juu ya mguu uliosimama mpaka nyonga izunguke. Agizo hilo moja lafanya kazi ambayo maelezo ya robo saa hayaifanyi.

Kwa kuifunza hisi yenyewe, watoto wasimame wakielekea mlingoti wa bendera, wafumbe macho, wageuke kwa mguu mmoja mpaka wadhani wameelekea mlango wa darasa, kisha wafumbue. Wengi watacheka kwa jinsi walivyokosea. Warudie mara tano au sita, na tofauti baina ya kudhani na kuona itapungua. Zoezi hili lifanywe kwa nafasi ya kutosha baina ya mtoto na mtoto.

Darasani mwenye watoto wa mtumbwini, mwalimu autumie mtumbwi. Na achore mtumbwi ardhini, mtoto asimame tezi na fimbo mkononi, aonyeshe anavyokigeuza kichwa kushoto. Kisha fimbo iondolewe, mpira uwekwe mahali pake, na aambiwe ageuke vile vile. Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, ilidai shule isitengane na maisha ya watu inaowahudumia. Katika somo hili dai hilo halihitaji hotuba; lahitaji mstari wa mtumbwi mchangani. Watoto wa Bungu au Kibiti mjini, wasioujua mtumbwi, wanaijua baiskeli, na mwalimu atatafuta mlango mwingine.

Hata hivyo hatupendi kanuni hii igeuzwe kuwa amri isiyo na mipaka. Kuna wakati mwili hauna budi kutajwa kwa jina, hasa kwa ajili ya usalama. Mtoto anayetua na goti kavu lililoingia ndani aambiwe wazi akunje goti, na likae juu ya vidole vyake. Lakini aambiwe kabla ya kuruka, kwa maneno machache, na akisharuka aachwe. Twaona walimu wanafunzi wengi wakipiga kelele za masahihisho wakati mtoto angali hewani. Sauti hiyo humfikia akiwa hawezi tena kubadili lolote, na humtoa katika kile alichokuwa akikitazama.

Limebaki suala la kupima. Mtoto aliyegeuka vizuri mwishoni mwa kipindi, baada ya kukumbushwa mara kumi, hajathibitisha kwamba amejifunza. Huenda anayafuata tu maagizo yaliyo bado masikioni mwake. Andalio la somo liache nafasi ya dakika tano mwanzoni mwa kipindi cha wiki inayofuata. Mwalimu asieleze kitu, asionyeshe kitu. Awape mpira, awaache wageuke, kisha apite nyuma yao akisoma alama mchangani na kuandika majina ya walioacha kishimo na ya walioacha mstari.